USHUNGI, MOTO NA AMANA YA WATOTO WETU



Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu wazazi, na nyinyi vijana wetu mnaosoma, safari hii hatukuandika juu ya mirathi wala adabu za ndoa kama mlivyotuzoea. Tumeandika juu ya chumba kimoja cha shule kinachoitwa maabara, ambamo watoto wetu hujifunza sayansi kwa mikono yao. Huenda mtu akauliza: ustadhi wa madrasa na maabara, wapi na wapi? Nasi tulikuwa tukijiuliza hivyo hivyo, mpaka yalipotufika yaliyotufika. Tunayaeleza hapa pamoja na aibu yake, kwa sababu kosa likifichwa hurudiwa.

Habari ilivyotufikia

Kwa asiyeujua mji wetu, Rumonge iko kwenye ufukwe wa Ziwa Tanganyika, kusini ya Bujumbura, mwendo wa kilomita 70 na kitu kwa barabara inayofuata ziwa. Upande mmoja ni maji na mitumbwi ya ndagala na mukeke, upande wa pili ni michikichi mpaka miguuni mwa vilima. Waislamu tupo tangu zama za wazee wetu, na Kiswahili ndicho tunachosomeshea madrasa. Lakini mtoto huyo huyo akienda shule ya sekondari anasoma kwa Kifaransa, na njiani anazungumza Kirundi. Jambo hili la lugha tatu mlikumbuke, maana ndimo fitna ilimopitia.

Miaka michache iliyopita, siku chache kabla ya Ramadhani, alitujia mzazi mmoja baada ya sala ya Alasiri. Uso umemkunjamana. Akasema, "Ustadhi, shule inataka kumvua binti yangu hijabu." Tukamwuliza nani kasema. Akasema mwalimu wa kemia. Tukamwuliza kama amemsikia yeye mwenyewe. Akasema la, kaambiwa na shangazi wa mtoto, naye shangazi kaambiwa na mtoto.

Hapo ndipo tulipotakiwa kusimama. Sisi wenyewe tunawasomesha watoto ile aya ya Suratul Hujurat inayotuamrisha kuhakikisha habari inapotufikia, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Tumeisomesha mara ngapi, hatuna hesabu. Lakini siku ile ghadhabu ilitutangulia, na tulidhani ni ghadhabu kwa ajili ya dini. Jioni ile ile tukasimama mbele ya darasa la mabinti tukasema kwa sauti: binti yeyote atakayeambiwa auguse ushungi wake ndani ya maabara, asikubali. Auache kama ulivyo.

Tulikuwa hatujawahi kuingia maabara hata mara moja. Mwaka 1993 vita vilipoanza tulikimbia na wazazi wetu tukavuka mpaka kwenda Tanzania, na kemia tuliyoisoma katika shule ya wakimbizi mkoani Kigoma ilikuwa ya ubaoni tu. Asidi tuliiona ikiandikwa kwa chaki. Moto tuliuona umechorwa. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyetoa amri juu ya maabara.

Wiki iliyofuata

Wiki iliyofuata binti yule aliingia darasani na ushungi wake mrefu wa poliesta, ule mwepesi unaoteleza, ncha zake zikining'inia kifuani. Mwalimu akamwambia aufunge. Akakataa kwa adabu. Mwalimu akamwambia basi akae nyuma atazame tu. Akakaa nyuma. Lakini somo lilipokuwa likiendelea, mwenzake akamwomba amsogezee chupa iliyokuwa upande wa pili wa meza. Akainuka, akainama juu ya meza kuichukua. Katikati ya meza ilikuwapo taa ya spiriti inayowaka.

Moto wa spiriti, ndugu zetu, si kama wa mkaa wala wa kuni. Ni wa buluu hafifu, na mchana karibu na dirisha unaweza usiuone kabisa. Binti alihisi joto shingoni kabla hajauona moto. Akaushika ushungi kwa mkono ili auvute, nao ulikuwa umeshaanza kuyeyuka. Mwalimu akamfunika kwa kitambaa kilicholowa maji na kumwagia ndoo iliyokuwa mlangoni. Yote hayo yalikuwa kwa muda mfupi kuliko kuisoma Fatiha.

Aliungua chini ya sikio, sehemu ya shingo, na vidole viwili. Alhamdulillahi, uso na macho vilisalimika.

Sisi tulipata habari baina ya Maghrib na Isha. Tulipofika kwao, mama yake alitukaribisha kama kawaida, akatutandikia mkeka. Baba mtu hakusema kitu. Binti alikuwa amekaa pembeni, shingo imefungwa bandeji. Tukamwambia, pole mwanangu. Akajibu kwa sauti ndogo, bila kutulaumu, "Ustadhi, mimi nilifanya kama ulivyosema."

Neno hilo hatujalisahau mpaka leo.

Hadithi tuliyoisomesha bila kuielewa

Usiku ule tuliikumbuka hadithi iliyopokewa na Jabir (r.a.) katika Sunan Abi Daud. Watu walikuwa safarini, mmoja wao akapigwa na jiwe akapasuka kichwa, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hawaoni ruhusa maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alikasirika sana, akawahesabu kuwa ndio waliomwua, na akabainisha kwamba dawa ya mtu asiyejua ni kuuliza.

Wale watu hawakuwa na nia mbaya. Walitaka kuilinda twahara. Nasi tulitaka kuilinda sitara. Lakini nia njema haizimi moto, na fatwa juu ya jambo usilolijua inaweza kumwunguza mtoto wa mwenzio huku wewe umekaa kwenye mkeka wako salama. Kama Allah (s.w.) asingetuhifadhia macho ya binti yule, tungejibu nini?

Asubuhi tukaamua kufanya lile ambalo tulitakiwa kulifanya kwanza. Tukaenda kuuliza.

Vipande viwili vya kitambaa

Mwalimu yule si Mwislamu. Alikuwa na kila sababu ya kutupokea kwa hasira, kwa kuwa maneno yetu yalikuwa yameshamfikia. Alitupa kiti. Tukamwomba radhi. Tukamwuliza aliwaambia nini hasa wanafunzi. Akasema aliwaambia kwa Kifaransa kwamba nguo yoyote inayoning'inia ifungwe au itolewe mbele ya moto: tai, skafu, mikono mipana ya shati, nywele ndefu, na ushungi wenye ncha ndefu. Aliyasema hayo kwa wote, wavulana na wasichana. Katika Kifaransa yalikuwa maneno ya kufunga. Yalipogeuzwa Kiswahili nyumbani yakawa ya kutoa. Yalipofika kwetu yamekuwa ya kuvua.

Kisha akatutoa nje, akachukua vipande viwili vya kitambaa, kimoja cha pamba na kimoja cha poliesta, akavishika kwa koleo na kuviwasha kimoja kimoja. Cha pamba kiliwaka, kikawa jivu, jivu likaanguka. Cha poliesta kilijikunja, kikayeyuka, kikaanza kudondosha matone yanayowaka. Tone moja lilianguka juu ya jiwe likaganda hapo hapo. Akatuambia, "Pamba nayo inaungua, msidanganyike. Lakini hii nyingine inaganda kwenye ngozi na kuendelea kuunguza." Tukatazama lile jiwe, tukaifikiria ile shingo.

Halafu akatuuliza swali ambalo sisi ndio tuliotakiwa kumpelekea: "Nyinyi mnaoijua sheria yenu, nionyesheni namna ya kuufunga usining'inie na binti abaki amejisitiri kama mnavyotaka. Mimi nitaipitisha hiyo."

Tukarudi madrasa kwa mwalimu wetu wa kike, tukamweleza. Haikumchukua hata nusu saa. Ushungi mfupi wa pamba, usio mwepesi wa kuonyesha, umebana kichwa na shingo. Ncha zake zinaingizwa ndani ya koti la maabara, na koti linafungwa vifungo mpaka juu. Nywele hazionekani, shingo haionekani, kifua kimefunikwa na koti nene lenye heshima kuliko ule mtandio. Ugomvi wote ule, dawa yake ilikuwa pini mbili na kitambaa cha pamba. Dini haikutaka mtoto aungue, wala sayansi haikutaka mtoto avuliwe. Kilichokosekana ni watu wawili kukaa na kuulizana.

Mawese, sabuni na chupa ya limonadi

Tukiwa njiani kurudi lilitujia jambo la utotoni ambalo lilitakiwa kutufundisha zamani.

Sisi ni watu wa mawese, na nyumba nyingi hapa zimewahi kupika sabuni. Marehemu mama yetu alikuwa mmoja wa wapishi wa sabuni. Sabuni ni mafuta yaliyokutana na kitu kikali kinachoitwa alkali. Neno hilo ni letu, limetoka katika Kiarabu, al-qali, majivu ya mimea fulani ambayo watu wa kale waliyatumia kwa kazi hiyo hiyo. Tabibu Abu Bakr al-Razi, aliyefariki karibu na mwaka 925, aliandika kwa mpangilio vyombo vya kazi ya kemia, tanuri, koleo, mitungi ya kukenekea na vinginevyo, miaka elfu moja na zaidi kabla ya shule zetu. Kwa hiyo mzazi asidhani kwamba mwanawe akiingia maabara ameingia nyumba ya wageni.

Siku hizi alkali ya kupikia sabuni ni kostiki soda. Mama yetu hakwenda shule, lakini aliijua kanuni yake: maji kwanza, soda baadaye, kidogo kidogo, na uso uwe mbali. Ukiimiminia soda maji kwa mpigo huchemka na kukurukia. Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayosomeshwa maabara kuhusu asidi: tia asidi ndani ya maji, usitie maji ndani ya asidi.

Lakini siku moja, miaka ya themanini, mama alibakisha maji ya soda akayatia katika chupa ya limonadi na kuiweka chini karibu na mlango. Mdogo wetu alikuwa na umri wa miaka minne. Aliporudi kutoka kucheza, jua kali, aliona limonadi.

Jirani mwenye nia njema alimnywesha mawese ili atapike. Hilo lilizidisha balaa, kwa kuwa kitu kinachochoma kikitapikwa kinachoma njia ile ile mara ya pili. Koo lake lilipona kwa makovu, na makovu yalilibana. Miaka mingi alikula uji tu. Leo ni mtu mzima mwenye watoto, na bado nyama huikata vipande vidogo sana kabla ya kuitia mdomoni.

Mama alijua kazi yake. Kilichokosekana ni chupa kuwa na jina lake na kuwekwa mahali pake. Basi yanayosemwa maabara si mambo ya kigeni. Jikoni, kwenye kibanda cha sabuni, kwenye betri ya gari yenye asidi, huko kote ni maabara, ila hakuna mwalimu aliyesimama mlangoni.

Hata wenye vifaa vyote

Mtu asiseme kwamba haya hutokea kwetu kwa ajili ya umasikini. Tarehe 29 Desemba 2008, katika chuo kikuu cha California mjini Los Angeles, mtafiti kijana wa miaka 23 alikuwa akivuta kwa sindano kemikali inayowaka yenyewe ikigusana na hewa. Kemikali ikamwagika ikawaka. Hakuwa amevaa koti la maabara, na sweta lake lilikuwa la nyuzi za viwandani. Alifariki baada ya siku 18. Chuo kikubwa, nchi tajiri, na kilichokosekana ni koti.

Na Januari 2014, katika shule moja ya sekondari mjini New York, mwalimu aliwaonyesha wanafunzi rangi za moto kwa kutumia methanoli, ambayo ni ndugu ya spiriti yetu. Alipoongeza methanoli kutoka katika chombo kikubwa, moto uliruka ukawaunguza wanafunzi wawili, mmoja vibaya sana. Mwezi uliotangulia, idara ya serikali ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali ilikuwa imetoa filamu ya kuwaonya walimu juu ya jaribio hilo hilo. Onyo lilikuwapo, halikufika darasani.

Jirani zetu wa ng'ambo, Tanzania, mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata ijengewe maabara za fizikia, kemia na baiolojia. Muda wa kwanza ulipokwisha Novemba 2014 ukaongezwa mpaka Juni 2015. Wananchi wakachangishwa, kuta zikapanda. Ni jambo la kheri, na tunatamani kila shule ya ufukwe huu wa Burundi iwe na chumba kama hicho. Ila ukuta na meza si maabara kamili. Ndoo ya maji, mchanga, miwani, makoti na mwalimu anayesikilizwa ni sehemu ya maabara vile vile.

Mambo ya kumfundisha mtoto kabla hajaingia

Tumeyakusanya haya kwa kuwauliza wanaojua. Wazazi wayasome pamoja na watoto wao.

1. *Mavazi.* Binti avae ushungi wa pamba, mfupi, ncha ndani ya koti. Mvulana asiingie na kanzu pana wala shati lenye mikono inayopepea. Kandambili zibaki nyumbani. Miguu ifunikwe kwa viatu, kwani kinachomwagika huanguka chini.

2. *Macho.* Miwani ya kukinga macho ivaliwe muda wote wa jaribio, hata na yule anayetazama tu. Kemikali haimwulizi mtu kama yeye ni mtendaji au mtazamaji.

3. *Mdomo.* Hakuna kula, kunywa wala kuonja. Kuna wanafunzi wetu waliotuuliza wakati wa Ramadhani kama kuvuta kemikali kwa mdomo katika pipeti kunafunguza. Tukawaambia: hilo msilifanye hata Shawwal. Pipeti huvutwa kwa mpira wake maalumu.

4. *Taa ya spiriti.* Isijazwe ikiwa inawaka wala ikiwa bado ya moto. Huzimwa kwa kifuniko, si kwa kupuliza. Chupa kubwa ya spiriti ikae mbali na meza yenye moto. Na kwa wanaouliza juu ya kuigusa spiriti: ile ya maabara imetiwa sumu, kuinywa ni haramu na ni mauti, na kuitumia kwa kazi ya masomo ni jambo jingine ambalo kila mmoja amwulize shekhe wake.

5. *Alama.* Chupa nyingi kwetu zimeandikwa Kifaransa, na mtoto wa mwaka wa kwanza anaweza asielewe. Lakini zipo alama zilizokubaliwa na Umoja wa Mataifa tangu 2003: umbo la pembe nne lililosimama kwa ncha moja, lenye mpaka mwekundu. Ndani ukiona mwali wa moto, kitu kinawaka. Ukiona matone yanayoula mkono, kinachoma. Ukiona fuvu la kichwa, ni sumu kali. Hizi hazihitaji lugha. Na chupa isiyo na jina isiguswe.

6. *Ikimwagika mwilini au machoni.* Maji safi mengi yanayotiririka, papo hapo, kwa muda wa dakika 20 bila kuona haya, na nguo iliyolowa kemikali itolewe. Pasipo bomba, watu wapokezane ndoo. Kisha hospitali.

7. *Moto ukishika nguo.* Usikimbie, kukimbia ni kuupepea. Lala chini ujiviringishe, au ufunikwe kwa blanketi. Aliyeungua apozwe kwa maji ya kawaida kwa dakika 20. Si dawa ya meno, si mawese, si majivu. Kitambaa kilichogandia ngozi kisibanduliwe. Hiyo ni kazi ya daktari.

8. *Aliyekunywa kitu kinachochoma.* Asitapishwe, asipewe ndimu wala siki. Asukutue mdomo kwa maji na akimbizwe hospitali pamoja na chupa yenyewe, ili daktari ajue.

Na mtu asiyaone haya kuwa mambo ya kidunia tu. Nyumba moja iliungua usiku mjini Madina pamoja na watu wake, na Mtume (s.a.w.) alipoelezwa aliuita moto adui yetu akaamrisha uzimwe tunapolala. Vile vile alituamrisha kufunika vyombo. Huo ni usalama wa nyumba, na umo katika vitabu sahihi vya hadithi. Na Qur'ani katika Suratul Baqara imetukataza kujitia katika maangamizi kwa mikono yetu wenyewe. Kufunga kifuniko cha chupa kwa nia hiyo, tunataraji mtu apate ujira.

Neno kwa wazazi na kwa walimu wenzetu wa madrasa

Mzazi, nenda shuleni kabla ya ajali, si baada yake. Uliza kwa upole: maji yako wapi? Miwani na makoti ni mangapi kwa wanafunzi wangapi? Kabati la kemikali lina kufuli? Mtoto akiumia nani anampeleka hospitali? Kama makoti hayatoshi, wazazi kumi wakichanga wanaweza kumpa fundi cherehani kazi ya makoti ya pamba, na hiyo ni sadaka. Usimlaumu mwalimu mwenye wanafunzi wengi katika chumba kimoja kisicho na bomba, msaidie.

Na mwanao akirudi na malalamiko juu ya mwalimu, msikilize, kisha uliza mpaka upate asili ya neno. Neno linalovuka lugha tatu linafika limechoka.

Walimu wenzetu, vijana hututii. Hiyo ni neema na ni mzigo mzito. Tukisema jambo mbele yao wanalibeba kama lilivyo na kwenda kulifanyia kazi mahali ambapo sisi hatupo. Basi tusiseme juu ya kisima ambacho hatujachungulia ndani yake. Kumwambia mtoto "hili silijui, ngoja nikaulize" hakupunguzi heshima ya ustadhi.

Pengine mtauliza habari za binti yule. Alipona, alhamdulillahi, na kovu lipo, analifunika na ushungi ule ule wa pamba. Alikuwa akitaka uuguzi. Lakini baada ya ajali hakutaka tena kukaribia meza ya maabara, akaomba kuhamia sehemu ya lugha, na wazazi wake wakakubali. Anasoma vizuri. Hata hivyo kila tunapokwenda hospitali na kuona wagonjwa wanawake wakisubiri muuguzi wa kike, tunamkumbuka. Tulimwomba msamaha yeye na wazazi wake mbele ya darasa lile lile tulilolitolea amri, kwa sababu kosa la hadharani halisahihishwi chumbani.

Mdogo wake sasa yuko sehemu ya sayansi. Asubuhi za maabara mama yake humfunga ushungi yeye mwenyewe, pini mbili, ncha ndani. Mwanzo wa mwaka mwalimu wetu wa kike huwakalisha mabinti wote wanaosoma sayansi akawaonyesha namna hiyo, na yule mwalimu wa kemia hualikwa kuja kuwaeleza juu ya moto. Huja. Hukaa mkekani pamoja nasi na kunywa chai.

Tunamwomba Allah (s.w.) awahifadhi watoto wetu macho yao, mikono yao na dini yao, awalipe kheri walimu wao wote, atusamehe tuliyoyasema bila elimu, na aturuzuku unyenyekevu wa kuuliza kabla ya kuamrisha. Amin.

Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.